Mtungi wa Nusu Bei na Kinyungu Kilichofungwa: Haki Iko Wapi Katika Motisha za Mazingira?

Ukinunua umeme wa shilingi 10,000 leo, na hudaiwi kodi ya jengo, usiufute ule ujumbe wa LUKU ukishamaliza kuingiza tarakimu zake ishirini kwenye mita. Usome wote. Utakuta umeme wenyewe umekula 8,196 na senti kadhaa, kodi ya ongezeko la thamani imechukua asilimia 18, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, na kuna mstari umeandikwa REA, asilimia 3, karibu shilingi 246. Pesa hiyo ni ya kupeleka nishati vijijini. Fungu hilohilo hulishwa pia na tozo iliyomo ndani ya lita ya mafuta, kwa hiyo hata asiye na umeme, aliyepanda bajaji ya Kabwe kwenda Uyole au bodaboda ya Mafinga kurudi kijijini kwao, amechangia bila kuona risiti.

Nimeanzia kwenye LUKU kwa sababu huku kwetu, kuanzia Mbeya hadi Njombe na Iringa, ruzuku za mazingira huzungumzwa kama zawadi. Mtu akiuliza kwa nini kijiji fulani kimepata na kingine hakikupata, anaambiwa ashukuru kwa kilichokuja. Lakini hii ni pesa tuliyochanga, na aliyechanga ana haki ya kuuliza mgawanyo wake.

Neno lenyewe, motisha, limebeba mambo mengi kwa pamoja, na mkanganyiko huanzia hapo. Serikali inaweza kukupunguzia bei ya kitu ili ukinunue. Hiyo ni ruzuku. Inaweza kuacha kukutoza kodi. Huo ni msamaha. Inaweza, yenyewe au kupitia mwingine, kukulipa kwa kuwa umeuacha msitu umesimama au chanzo cha maji kimetulia. Na inaweza kukukataza au kukutoza zaidi, ambayo nayo ni motisha, ya kiboko. Kila njia ina watu inaowafikia na watu inaowapita. Nikitazama nilivyoona katika mikoa hii, naona dhuluma haikai sana kwenye kiasi cha pesa. Inakaa kwenye masharti ya kuipata, hasa yale ambayo hayakuandikwa popote.

Elfu ishirini, siku gari linapofika

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Sababu zake ni nzito. Serikali hutaja watu wapatao 33,000 wanaokufa kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia, na misitu inayopotea inahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta kila mwaka. Mimi nimekulia kwenye jiko la kuni. Najua yanavyokuwa macho ya mwanamke aliyepuliza moto miaka arobaini.

Wakala wa Nishati Vijijini, hiyo REA ya kwenye LUKU, ukaja na mitungi ya gesi ya kilo sita pamoja na vichomeo vyake kwa nusu bei. Mwananchi alitoa kati ya shilingi 17,500 na 20,000 hivi, kutegemea mkoa, akionyesha kitambulisho cha NIDA. Mitungi iliyotangazwa ni 452,445, yaani 3,255 kwa kila wilaya katika wilaya 139.

Tuzipigie hesabu namba hizo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kaya zaidi ya milioni 14. Mitungi hiyo inatosha kaya tatu katika kila mia. Silaumu udogo wake, kila kazi ina mwanzo. Ila kitu kikiwa kidogo hivyo, suala zima linabaki kuwa nani wamo ndani ya hao watatu.

Mgawo sawa kwa kila wilaya unaonekana wa haki mpaka uziweke Makete na Mbarali pamoja. Makete ina watu wapatao laki moja, Mbarali zaidi ya laki nne. Kwa mgawo huo Makete inapata mtungi mmoja kwa watu thelathini na kitu, na Mbarali mmoja kwa watu zaidi ya mia na ishirini. Na Makete ndiko miti imesimama kila kilima, wakati kule Mbarali, kwenye tambarare ya mpunga ya Usangu, kuni ni za kufuata mbali. Unaweza kujibu kwamba Makete kuna baridi, barabara ni ngumu, na watu wake wamezoea kuachwa nyuma. Jibu hilo nalipokea. Lakini nataka liwe limefikiriwa na kusemwa mbele za watu, lisiwe limetokea tu kwa sababu ni rahisi kugawanya namba kwa 139.

Halafu kuna lile sharti ambalo halikuandikwa: uwe na elfu ishirini mkononi siku gari linapofika. Mkulima wa mahindi na viazi hashiki pesa mwaka mzima. Anaishika akishavuna na kuuza, katikati ya mwaka. Gari likija Februari, wakati ghala limeisha na ada zimeshaondoka na kilichobaki, atakayenunua ni mwalimu, mwenye duka, mtendaji na mwenye mtoto mjini wa kumtumia pesa. Hao nao ni wananchi, siwaonei wivu. Ila wengi wao wangeweza kununua hata kwa bei kamili, na mpango ulipokuwa unaandikwa nina hakika walengwa walikuwa wengine.

Mama mdogo wangu wa Kilolo alibahatika kupata. Nilipomtembelea, mtungi ulikuwa chini ya meza, umefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kama sahani ya wageni. Chai ya asubuhi anachemshia gesi. Mgeni akija, gesi. Maharage, kande, maji ya kuoga na ugali wa jioni vinabaki kwenye mafiga, kule jiko la nje. Nilimuuliza kwa nini. Akanihesabia kwa vidole: kujaza ni zaidi ya elfu ishirini, bodaboda ya kuupeleka mtungi mjini na kuurudisha, na siku ya shamba inayopotea. Yaani kuujaza mara ya pili kunamgharimu kuliko alivyoununua ukiwa na kichomeo chake na gesi yake ndani. Kuni anaokota kwenye shamba lake la miti, hazimgharimu hata senti.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Mwanangu, mimi mafuta ya kula nanunua ya kupima. Sukari robo. LUKU naweka ya elfu mbili. Hiyo gesi kwa nini hawanipimii ya elfu tatu?"

Hapo ndipo ruzuku yetu ilipopinda. Tumesaidia watu kununua chombo, tukadhani tumewasaidia kupika. Mtu wa kipato kidogo hashindwi na jumla ya matumizi ya mwezi. Wengi wa mijini wanaonunua mkaa wa kopo kila siku hutumia kwa mwezi sawa na bei ya kujaza mtungi, au zaidi. Anachoshindwa ni kuitoa jumla hiyo kwa mkupuo. Dar es Salaam tayari kuna mita za gesi zinazomruhusu mtu kulipia kidogo kidogo kwa simu. Shilingi moja ya ruzuku iliyowekwa kwenye mita kama hizo Mwanjelwa au Makambako, au kwenye kusogeza kituo cha kujazia karibu na kijiji, ingefanya kazi kila mwezi. Iliyowekwa kwenye mtungi imefanya kazi siku moja.

Tena kuna kitu ambacho mtu aliyepanga mambo akiwa kwenye joto la pwani anaweza asikifikirie. Huku juu moto hauivishi chakula tu. Juni na Julai, sakitu ikidondoka Makete na Njombe, familia nzima inaota moto uleule ulioivisha ugali. Juu ya moto huo kuna dari, na kwenye dari kuna mahindi ya mbegu, moshi unayalinda na wadudu. Ukimletea mama wa Makete gesi, umemletea theluthi moja ya kazi ambazo kuni zilikuwa zinamfanyia. Kwa nyumba yenye shamba lake la miti, jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje lingeokoa kifua chake na nusu ya kuni zake, bila kumfunga kwenye gesi inayoagizwa kwa meli. REA inagawa majiko banifu pia, na ruzuku yake ni kubwa kuliko ya mitungi. Ningependa yapewe heshima sawa na mtungi, yasionekane kama fungu la waliokosa.

Umeme nao ungeweza kusaidia, na hapa motisha mbili za serikali zinagongana. Mteja wa majumbani anayetumia kidogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Bei hiyo iliwekwa kumlinda mnyonge, na inamlinda kweli. Sasa chukua mnyonge huyohuyo, mpe jiko la presha la umeme. Maharage yataiva kwa chini ya uniti moja, yaani chini ya bei ya kopo la mkaa. Lakini akipikia umeme milo yote anaweza kuvuka 75, na kila uniti iliyozidi ni shilingi 350. Kwa hiyo aliyefanya kile ambacho mkakati wa nishati safi unamwomba afanye ndiye anayeadhibiwa na bei. Hili halihitaji fedha mpya za kigeni. Linahitaji taasisi mbili kukaa meza moja.

Misamaha na makatazo

Msamaha wa kodi nitaupitia haraka, kwa kuwa unaeleweka upesi. Paneli za sola zikisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, mwenye hoteli anayefunga paneli hamsini anaokoa mamilioni, mwenye taa mbili na chaji ya simu anaokoa elfu chache. Msamaha humfuata mnunuzi kwa ukubwa wa mfuko wake, na haumfikii kabisa asiyenunua. Bado nauunga mkono, maana bila huo bei ingempanda hata mwenye taa mbili. Ila tusiuhesabu kama msaada kwa maskini.

Makatazo yanahitaji jicho la karibu zaidi. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu mia moja kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Agizo ni zuri kwa wapishi na kwa misitu. Lakini shule ya kata yenye wanafunzi mia nne, ambako kila mzazi alikuwa anatoa debe la mahindi na mzigo wa kuni, sasa inahitaji majiko mapya na gesi ya kulipia taslimu. Pasipo ruzuku ya kutosha, gharama inashuka kwenye michango. Mzazi ambaye mchango wake ulikuwa nguvu zake na panga lake anatakiwa kutoa noti. Kwa mzazi wa namna hiyo tofauti kati ya kuni na noti ni kubwa mno.

Aliyetunza bila kulipwa

Sasa tuje kwenye miti, utajiri wa nyanda hizi. Sao Hill pale Mufindi ni shamba la serikali kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na kuzunguka kwake wananchi wamepanda misindano na milingoti yao hadi Kilolo, Njombe na Ludewa. Kuanzia 2014 programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofadhiliwa na Finland, ilisaidia vikundi vya wakulima kwa mbegu bora na mafunzo. Imeinua watu wengi. Nimeona nyumba za bati na watoto waliosomeshwa kwa mbao.

Lakini mche, hata ukiwa wa bure, unahitaji ardhi, na unahitaji mtu anayeweza kusubiri miaka kumi na kitu. Asiye na ardhi mche haumsaidii. Mwanamke anayelima shamba la ukoo wa mume analima mahindi bila kuulizwa, ila akitaka kupanda miti ataulizwa ardhi ni ya nani, kwa sababu mti unadai umiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki sawa na mwanamume. Kikao cha ukoo hakijaisoma. Na mbao zilipopanda thamani, watu wa mijini walikuja kununua mashamba ya vijijini, wakapanda, wakaondoka. Wapo waliowauzia eka kwa bei ya baiskeli, leo wanapalilia miti hiyo kwa kibarua.

Jambo gumu zaidi kulieleza ni la biashara ya hewa ya ukaa, ambayo mchafuzi wa mbali huwalipa watunza msitu ili kufidia uchafu wake, kwa sababu hoja ya kila upande ina ukweli. Kanuni za biashara hiyo zilitoka 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, kule Katavi, vimeshajenga shule na zahanati kwa fedha za msitu wao. Watu wa huku wanauliza: mbona sisi tuliotunza hatupati? Jibu la mnunuzi ni kwamba yeye hanunui msitu, ananunua tofauti. Anataka kuona ukaa ambao ungepanda angani kama asingelipa. Msitu ambao ungekuwepo hata bila yeye haumpi tofauti yoyote, na akiulipia, kisha akaendelea kuchafua kwao akidai amefidia, dunia imedanganywa. Kwa upande wake ana haki.

Lakini fikiria wazee wa Rungwe waliolinda misitu ya matambiko tangu enzi za babu zao, hakuna aliyethubutu kuingiza shoka. Msitu wao ni mdogo, hauna hatari ya kukatwa, kwa hiyo hauuziki. Angekuwepo mchoma mkaa wa kuutishia, ungeanza kuwa na thamani. Ni kama mama anayempa ndizi mtoto anayelia, aliyenyamaza akalala njaa. Kutetea jambo hili mbele ya wazee hao ni kazi ngumu, na mimi sitalitetea. Mnunuzi wa ukaa abaki na masharti yake, ni pesa yake. Fedha za umma hazifungwi na masharti hayo. Serikali inaweza kumlipa mtu kwa kazi anayoifanya sasa, ya kulinda, bila kumwuliza kwanza kama alikuwa na nia ya kuharibu.

Kinyungu

Nimeacha la vinyungu mwisho kwa sababu ndilo linaloniumiza.

Asiyekulia Iringa au Njombe huenda hajui neno hili. Kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Kiangazi, mlimani kukiwa kumekauka, watu hushuka bondeni, hulima matuta, huchimba vijifereji vya kupunguza maji katikati yake, hupanda mahindi, maharage, viazi na kabichi. Mahindi ya kinyungu huliwa mabichi wakati ya mlimani bado hayajafika magotini. Kwa kaya nyingi ni hicho kinachovusha miezi ya njaa, na mboga zake ndizo zinazonunua sare Januari.

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita sitini kutoka mtoni shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto. Kwa tafsiri iliyoshika huku, kinyungu kimo. Na hofu iliyoileta tafsiri hiyo ni ya kweli: Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, viboko wakibanana kwenye madimbwi ndani ya hifadhi. Sababu ni nyingi, na kilimo kikubwa cha umwagiliaji cha kule Usangu kimo ndani yake. Lakini ukilinganisha mwenye shamba kubwa la mpunga lenye kibali cha maji na mama mwenye matuta kumi na mawili, ni rahisi kukisia nani hufikiwa kwanza na mgambo.

Mzee mmoja jirani na kwetu, kando ya kijito kinachoingia Ruaha Mdogo, aliambiwa aache kinyungu alichorithi kwa baba yake. Hakugoma. Aling'oa hata milingoti aliyokuwa amepanda kando, akaelezwa inakunywa maji mengi, akapanda miti ya asili aliyoletewa. Bonde limerudi, majani yamesimama, na kijito kinapita hadi Oktoba. Alichopata ni pongezi kwenye mkutano wa kijiji. Desemba hiyo alinunua mahindi ya kuchoma mjini, kitu ambacho maishani mwake hakuwahi kukifanya.

Kumlipa kunawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kwenye Milima ya Uluguru, wakulima walilipwa kwa kutengeneza makinga maji na kupanda miti ili maji ya Ruvu yashuke Dar es Salaam yakiwa masafi, na mmoja wa walipaji alikuwa shirika la maji la jiji hilo. Kwetu njia ya kupitishia pesa ipo tayari: Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa mjini, hukusanya ada kwa watumiaji wakubwa wa maji ya bonde hili. Sehemu ya ada hiyo inaweza kupanda mto kuelekea kwa waliofunga vinyungu vyao, kwa kiasi cha mavuno waliyoyaacha, kupitia jumuiya za watumia maji ambazo zinawajua kwa majina.

Kwa sababu maji aliyoyaacha mzee yule yana safari. Yanaingia Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanaungana na Ruaha Mkuu, yanaingia Mtera kwenye mitambo ya megawati 80, yanashuka Kidatu kwenye megawati 204, kisha yanajiunga na Rufiji hadi Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Kutoka huko yanarudi kwenye nyaya, hadi nyumbani kwako na kwangu. Tunanunua ya elfu kumi, ujumbe unaingia kwenye simu, na unaonyesha EWURA kapata ngapi, REA kapata ngapi, hazina imepata ngapi. Mstari wa yule mzee haumo.